MUZIGO ULIOTUNDIKWA NYUMBANI: TUCHAGUE VIZURI SUPORI YA TELEVIZIO



Kuko sheria moja ya kazi ambayo kila mutu wa Shituru, wa Panda na wa Kambove anaijua, hata yule aliyeingia kazini jana: usisimame chini ya muzigo uliotundikwa. Chefu wa kipe hana lazima ya kuisema mara mbili. Mashini ya kunyanyua ikipita na muzigo, watu wanatoka pale chini. Hakuna anayejibu: «Kamba ni ngumu, haitakatika.» Tunajua kwamba kamba inaweza kukatika, ndoano inaweza kufunguka, na muzigo hauulizi chini yake kuko nani.

Kisha kazi tunavua kaske na viatu vya usalama, tunaoga, tunakula bukari, na tunaikaa na watoto mbele ya televizio. Pale ukutani, mara nyingi juu kabisa ya pahali mutoto anapenda kulala kwenye mukeka, kuko kioo cha kilo 10, 15 au 20. Nacho ni muzigo uliotundikwa. Lakini hapa nyumbani hakuna chefu wa kipe. Nani alihesabu nguvu ya visi? Nani aliangalia kama ukuta unaweza kushika? Mara nyingi jibu ni hili: kijana wa jirani alikuja siku ya mungu na mashini ya kutoboa, akafanya matundu manne, akapewa kinywaji, akaenda zake.

Ukurasa huu unataka kusema wazi maoni yake. Watu wengi wanachagua supori, ni kusema ile chuma inayoshika televizio kwenye ukuta, kwa kuangalia televizio na uzuri wa sebule. Tunafikiri wanaanza kwa upande usiofaa. Inafaa kuanza na ukuta. Kisha ukuta, watu wa nyumba. Televizio inakuja ya tatu.

KWA NINI JAMBO HILI SI MUCHEZO

Zamani televizio ilikuwa sanduku kubwa lenye mugongo. Ile yenye kioo cha sentimetre 55 ilikuwa inafika kilo 20 na kupita. Uzito wake mwingi ulikuwa mbele, kwenye kioo, na juu ya ile ilikuwa inapenda kuanguka kwa upande wa watu. Hata vile, haikuwa rahisi kuisukuma. Iliikaa juu ya kabati, na kitambaa kilichofumwa na mama wa nyumba kikaifunika.

Televizio ya leo ni nyembamba kama kitabu. Ni nyepesi kuliko ile ya zamani, lakini ni pana na miguu yake ni midogo. Mutoto wa miaka mitatu anaweza kuivuta kwa mukono moja. Anafungua droo ya kabati, anapanda kama anapanda ngazi, anashika ukingo wa kioo, na vyote vinamufuata chini. Jambo hili linajulikana katika inchi nyingi. Kule Marekani, komisyo ya serikali inayochunga usalama wa vitu vya nyumbani ilianza mwaka 2015 mafundisho makubwa ili kuwaonyesha wazazi namna ya kufunga televizio na makabati kwenye ukuta, kwa sababu watoto walikuwa wanakufa chini yake. Watoto wetu wa Kikula na wa Panda wanapanda makabati sawasawa na wale wa kule.

Basi, mutu anayesema «nitatundika televizio ili mutoto asiifikie» hana makosa. Amesema neno la akili. Lakini televizio iliyotundikwa vibaya imeondoa hatari moja na kuleta nyingine iliyo mubaya zaidi, kwa sababu sasa itaanguka toka juu, na itaanguka pasipo mutu kuigusa, hata saa nane ya usiku.

Tena tukumbuke desturi yetu. Nyumba yenye televizio kubwa haiko nyumba ya watu watano. Siku ya mupira ni nyumba ya barabara nzima. Tarehe 18 Desemba 2010, wakati TP Mazembe ilipocheza na Inter ya Milano kule Abu Dhabi katika finale ya kombe la klabu za dunia, sebule ndogo zilijaa watu mpaka kwenye mulango. Tulipigwa 3 kwa 0, lakini hakuna aliyetaka kukosa. Siku kama ile, wazee wanakaa kwenye viti na watoto wanakaa chini, mbele kabisa, chini ya kioo. Kwa hiyo supori tunayoichagua inashika roho za watoto wa jirani pia.

KWANZA ULIZA UKUTA

Piga ukuta na kidole, kisha sikiliza. Toboa tundu moja dogo pahali pasipoonekana na uangalie unga unaotoka. Unga huo utakuambia ukuta wako ni wa namna gani.

Ukitoka unga mwekundu, mukavu, na mashini inaingia kwa shida kidogo, ni matofali ya kuchoma. Nyumba nyingi za kambi za zamani katika Likasi, zilizojengwa wakati wa Union Minière mbele ya mwaka 1967, ni za matofali ya namna hii. Ni ukuta muzuri. Lakini tia visi katikati ya tofali, si katika ule mustari wa udongo au wa sima unaounganisha matofali. Katika nyumba nzee, ule mustari umekuwa laini kama biskwiti. Wala usihesabu krepi. Krepi ni nguo ya ukuta, haishiki kitu. Kama krepi ina unene wa sentimetre 2, inafaa sheviye ipite sentimetre zile mbili na kuingia yote ndani ya tofali lenyewe.

Ukitoka unga wa kijivu, na kwa rafla mashini inaanguka ndani ya nafasi tupu, ni mbloki za sima zenye matundu. Hapa sheviye ya kawaida inazunguka bure kama musumari ndani ya chungu. Ukuta huu unataka sheviye zinazofunguka nyuma ya mbloki, ao dawa tunayoiona kuwa bora zaidi: fimbo ya chuma yenye nyuzi, inayopita ukuta wote, na kule ngambo nyingine bamba la chuma, rondela na ekru. Si nzuri kwa macho katika chumba cha pili, lakini bamba lile linagawanya nguvu juu ya mbloki nzima, si juu ya tundu moja.

Ukitoka udongo laini na mashini inaingia kama kisu ndani ya mukate, ni matofali mabichi. Watu wengi wanaishi katika nyumba kama hizo, na hakuna haya ndani yake. Ni nyumba zenye baridi nzuri wakati wa jua kali. Lakini ukuta wa udongo haushiki visi. Wakati wa mvua, toka Oktoba mpaka Aprili, udongo unakunywa maji na nguvu yake inapungua. Tundu lililokuwa gumu katika Agosti linakuwa laini katika Februari. Maoni yetu hapa hayana mlango wa nyuma: kwenye ukuta wa matofali mabichi, usitundike televizio, hata ndogo, hata kama fundi anakuapia.

Nifanye nini basi? Tafuta kabati fupi, pana na nzito, isiyopita magoti sana. Weka televizio juu yake, nyuma kabisa, na uifunge kwa kabati lenyewe: miguu kwa visi, na mugongo kwa mukanda unaoingia katika yale matundu ya supori na kushuka nyuma ya mbao. Vitu vizito vikae katika droo ya chini. Usiweke juu ya televizio kitu ambacho mutoto anakitamani: pipi, mupira, ao ile komande ya kubadilisha programu. Na kile kitambaa kilichofumwa, tukitoe. Ni kamba ambayo mutoto ataivuta.

AINA TATU ZA SUPORI, NA HESABU NDOGO

Katika kenkayeri za Likasi na za Lubumbashi utaona supori za aina tatu.

Ya kwanza haisogei. Ni bamba mbili tu, moja ya ukuta, moja ya televizio. Kioo kinaikaa karibu sana na ukuta, sentimetre 3 mpaka 5.

Ya pili inainamisha kioo kidogo kwa chini. Inafaa kama ni lazima kutundika juu kidogo, ao kama dirisha inaleta mwangaza kwenye kioo.

Ya tatu ina mukono. Unavuta televizio mbele, unaigeuza kuume na kushoto, unairudisha. Hii ndiyo vijana wanaipenda. Wanasema ni ya kisasa.

Fundi wa mashini anajua kwamba uzito peke yake hausemi yote. Inafaa kuuliza pia uzito uko mbali namna gani na ukuta. Chukua televizio ya kilo 15. Kwenye bamba la ukuta, visi vya juu na ukingo wa chini vinaachana kwa sentimetre 20. Kama supori haisogei, na uzito uko sentimetre 5 mbele ya ukuta, hesabu ni 15 mara 5, gawanya kwa 20. Visi vya juu vinavutwa kwa nguvu ya karibu kilo 4. Si kitu. Sasa chukua televizio ile ile, lakini kwenye mukono uliovutwa sentimetre 40. Ni 15 mara 40, gawanya kwa 20: kilo 30. Televizio haikuongezeka hata gramu moja, lakini ukuta unavutwa mara nane kuliko mbele.

Na tuseme mutoto wa kilo 20 anashika kioo na kuninginia. Sasa ni 35 mara 40, gawanya kwa 20: kilo 70, zinazovuta visi kutoka ndani ya tofali kama musumari unavyotolewa na nyundo. Na mutoto haningini kimya. Anaruka, na kila kuruka kunaongeza nguvu.

Juu ya ile tunasema: kwa jamaa yenye watoto wadogo, supori isiyosogea ndiyo supori nzuri. Haina fahari, lakini haina pia kitu cha kushika wala cha kuvuta. Mukono ni wa nyumba yenye ukuta mugumu kabisa, watu wakubwa tu, na sebule yenye kona inayolazimisha kugeuza kioo. Hata pale, mupira ukiisha, rudisha mukono kwenye ukuta. Usiuache nje usiku kucha.

Wengine watauliza: na supori ya sudeli wetu, aliyeitengeneza kwa kornieri? Hatuidharau. Mara nyingi chuma chake ni kinene kuliko cha duka. Tunaomba mambo matatu tu: suduri iwe imezunguka yote, si matone mawili matatu, ncha kali zikatwe na kupakwa rangi, na matundu yalingane na yale ya televizio. Sudeli muzuri hatakasirika ukimuuliza. Sudeli anayekasirika, umuache.

MATUNDU, VISI NA KARATASI YA SANDUKU

Nyuma ya televizio kuko matundu manne. Nafasi yao si bahati. Viwanda vya dunia vilipatana juu ya vipimo vinavyoitwa VESA, vinavyohesabiwa kwa milimetre: 100 kwa 100, 200 kwa 200, 400 kwa 400, na kadhalika. Pima kati ya tundu na tundu mbele ya kwenda dukani. Supori isiyolingana na matundu haiko supori yako, hata kama bei inakuvutia. Kutoboa tundu jipya katika mugongo wa televizio ni kutafuta moto.

Kisha uangalie unene wa visi. Televizio ndogo zinatumia mara nyingi M4, kubwa zinatumia M6 ao M8. Visi kirefu sana kitaingia ndani na kuvunja vitu vya kioo. Kifupi sana kitashika kwa nyuzi mbili tu, na siku moja zile mbili zitachoka. Karatasi iliyo katika sanduku inaonyesha urefu. Tunaisoma karatasi ya mashini kazini. Tusome na hii.

Soma pia uzito ulioandikwa kwenye supori. Kazini, kamba ya chuma ya kunyanyulia inachaguliwa kwa kawaida ili nguvu yake ya kukatika ipite muzigo mara tano. Tuwe na roho ile ile nyumbani. Televizio ya kilo 15 isitundikwe kwenye supori ya kilo 15. Chagua ile ya kilo 40 ao zaidi. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko bei ya kioo, na hatutaki hata kuilinganisha na bei ya siku moja ya hospitali.

SHINGO NA MACHO

Kuko desturi moja inayotushangaza: kutundika televizio karibu na plafoni, kama katika bare. Katika bare watu wanasimama, na mwenye bare anaogopa wezi. Nyumbani tunaikaa. Mutu aliyeikaa kwenye kiti, macho yake yako karibu metre 1 na sentimetre 10 toka chini. Katikati ya kioo paikae karibu na urefu ule, ao juu kidogo. Mutu aliyefanya posti nzima akiangalia juu, kwenye paa la galerie ao kwenye mashini, shingo yake imechoka. Tusimupe posti ya pili ya kuangalia juu mpaka usiku.

Umbali nao una kipimo. Mukubwa wa kioo unahesabiwa kwa kona mpaka kona. Inchi 43 ni karibu sentimetre 109. Inchi 55 ni karibu 140. Kwa kuona vizuri kama katika sinema, ikaa kwa umbali wa mara moja na nusu, ao zaidi kidogo, ya kipimo kile. Kwa hesabu ya mara 1,6, kioo cha inchi 55 kinaomba metre 2 na sentimetre 24, na cha inchi 43 kinaomba kama metre 1 na sentimetre 75. Pima sebule yako, toka ukuta mpaka kiti. Katika nyumba nyingi za kambi, inchi 43 inatosha kabisa. Kioo kidogo ni kilo chache juu ya ukuta, na feza chache mukononi mwa duka. Kununua kioo kikubwa kuliko chumba ni kama kuvaa kaske ya ndugu yako: inaanguka kwenye macho.

VUMBI NA UMEME

Siku ya kutoboa ina hatari yake. Mutu wa mine anajua vumbi la jiwe ni adui gani. Silika iliyo katika jiwe iko pia katika matofali na katika sima. Matundu sita hayataleta silikoze, lakini fundi anayetoboa kuta kila siku pasipo kinga anakula kidogo kidogo kile tunachokikataza kazini. Tunatoboa jiwe kwa maji ili vumbi lisiruke. Hapa maji na mashini ya umeme haviendi pamoja. Basi vaa maske na miwani, fungua madirisha, toa watoto na bakuli za chakula, na kisha safisha kwa kitambaa cha maji, si kwa ufagio mukavu. Kama nyumba ina bamba za zamani za eterniti kwenye plafoni ao kwenye ukuta, usizitoboe hata kidogo. Za zamani zinaweza kuwa na amianti, na vumbi la amianti halisahau mapafu.

Mbele ya kutoboa, kata umeme wa pahali pale kwenye dijonkteri. Angalia prize iko wapi. Kwa kawaida nsinga zinapanda ao kushuka wima toka kwenye prize na toka kwenye kitufe cha taa. Usitoboe juu kabisa ya prize wala chini yake. Kama mashini inapata umeme kwa rallonge, itoke katika chumba kingine.

Nsinga ya televizio isibaki ikininginia kama kamba ya kengele. Ifunge kwenye ukuta, ndani ya goutière ya plastiki. Mutoto asiyefikia kioo atafikia nsinga. Usirundike prize juu ya prize nyuma ya kioo. Na kwa sababu umeme wetu unaenda na kurudi kwa nguvu kisha delestaje, weka regulateri mbele ya televizio, chini, pahali penye hewa, si juu ya supori. Radi ikianza kupiga, toa prize na nsinga ya antene.

JARIBIO LA BIDONI

Supori imekwisha kufungwa. Je, tutundike mara moja? Hapana. Kazini hatunyanyui watu na kamba isiyojaribiwa.

Bidoni ya litre 20 iliyojaa maji inapita kidogo kilo 20. Kama una televizio ya kilo 15 na supori isiyosogea ya kilo 40 ao zaidi, tundika kwenye bamba la ukuta bidoni moja iliyojaa na nyingine iliyojaa nusu: ni kama kilo 30, mara mbili ya televizio. Usipite uzito ulioandikwa kwenye supori. Weka alama ya kalamu kwenye ukuta, kwenye ukingo wa juu wa bamba. Funga mulango wa sebule, na watu wote wakae mbali. Acha mpaka asubuhi.

Asubuhi angalia alama. Kama bamba limeshuka hata milimetre moja, ao krepi imepasuka kuzunguka visi, ukuta umejibu. Ulisema hapana mbele ya kioo kuvunjika, na mbele ya mutoto kuumia. Tuushukuru, na tutafute njia nyingine. Kama hakuna kilichosogea, tundika televizio, watu wawili pamoja, mumoja kila upande.

Kisha ile, mara mbili kwa mwaka, angalia visi. Malori mazito ya barabara inayotoka Lubumbashi kwenda Kolwezi yanatetemesha kuta za wale wanaokaa karibu. Joto na baridi vinafungua. Chagua siku mbili rahisi kukumbuka: mwanzo wa mvua na mwisho wa mvua. Kazi yenyewe ni ya dakika tano na turnevisi moja.

WANAOSEMA TUNAOGOPA BURE

Tunajua watakaosema: «Jirani yangu alitundika kwa misumari, na ni miaka minne sasa.» Ni kweli. Tena kuko watu waliopita chini ya muzigo miaka kumi na hawakupata kitu. Hatukusikia mukubwa wa usalama hata mumoja aliyefuta sheria juu ya ile. Miaka minne pasipo aksida haionyeshi kwamba misumari ni mizuri. Inaonyesha tu kwamba siku yake haijafika.

Wengine watasema supori nzuri na fundi anayejua ni feza nyingi kwa mutu wa mushahara mudogo, hasa wakati mushahara unachelewa. Neno hili ni zito, na hatulikatai. Lakini angalia tena vile tulivyopendekeza. Kabati fupi na mukanda, karibu bure. Supori isiyosogea, bei ndogo kuliko ile ya mukono. Kioo cha kipimo cha chumba, bei ndogo kuliko kioo cha fahari. Jaribio la bidoni, maji tu, na maji yale utayaogea asubuhi. Katika jambo hili, njia ya usalama si njia ya tajiri.

Na kwa wamama: mara nyingi nyinyi ndio munakaa nyumbani wakati kioo kinaninginia na watoto wanacheza. Muna haki ya kuuliza fundi mbele ya kumulipa: «Ukuta huu ni wa nini? Visi hivi vinaingia sentimetre ngapi? Nionyeshe.» Akijibu vizuri, mupe kiti na chai. Akicheka, mufungulie mulango.

Kwa hiyo, ndugu, juma hili kabla ya kuwasha kioo, kila mutu atazame ukuta wake. Toa mukeka wa watoto toka chini ya televizio, hata leo jioni. Hiyo haina bei. Kisha shika kioo kwa mikono miwili na ukisukume kidogo. Kama kinacheza, kishushe chini mpaka siku ya kazi nzuri. Chefu wa usalama hawezi kuingia katika kila nyumba ya Likasi. Katika nyumba yako, chefu wa usalama ni wewe.

MUZIGO ULIOTUNDIKWA HAUJUI KAMA UKO KAZINI AO NYUMBANI. TUJIKINGE POTE PAWILI.